Steringi kafa sehemu ya kwanza: niendelee kuangalia au niache?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa binti wa kidato cha tatu, tupo Morogoro. Enzi zile TBC walipoonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake sikukosa hata siku moja, kwa hiyo nilijihesabu kuwa tamthilia za Kichina nazijua. Likizo hii binti yangu ameniomba tuangalie pamoja The Untamed. Nimefika sehemu ya 4 na nimepotea kabisa. Steringi anakufa mwanzoni, mara yupo hai, mara ni kijana wa shule. Kila mtu ana majina matatu. Wanaume wote wana nywele ndefu na majoho, siwatofautishi. Midomo haiendi na sauti. Maandishi ya Kiingereza yanapita kabla sijamaliza kusoma. Na kubwa zaidi, naona hirizi, wafu wanaotembea na mtu anayewaamrisha kwa filimbi. Je, huu si ushirikina ninaomlisha mtoto? Sitaki kumvunja moyo, lakini niendelee, nitafute nyingine, au niache?"*

Dada yangu, kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya tamthilia za Kichina, na swali kama lako hunifikia mara kwa mara, mara nyingi kwa aibu, kana kwamba anayeuliza ana kichwa kizito. Aibu hiyo iweke kando. Binti yako amekuanzishia pagumu. The Untamed huwachanganya hata watazamaji wazoefu, maana inaanzia karibu na mwisho wa mambo, kisha inarudi nyuma bila hodi.

Basi tuanzie hapo ulipokwama. Sehemu ya kwanza inafunguka na kifo cha Wei Wuxian, mtu aliyechukiwa na karibu kila ukoo. Miaka 16 inapita. Kijana mmoja aliyeonewa sana na ndugu zake, Mo Xuanyu, anajitoa mhanga kwa tambiko ili Wei Wuxian arudi duniani na kumlipia kisasi. Ndiyo maana steringi wako anaamka kwenye nyumba asiyoijua, anaitwa jina lisilo lake, na anavaa kinyago: waliomfahamu zamani wasimtambue. Kisha, kuanzia sehemu ya 3, hadithi inakurudisha miaka mingi nyuma, vijana hawa walipopelekwa kusoma kwa ukoo wa Lan kule Gusu, mahali penye kanuni zaidi ya 3,000. Huyo mwanafunzi mtundu unayemwona akiingiza pombe kwa siri ni Wei Wuxian yuleyule kabla ya yote. Utakaa huko nyuma muda mrefu, mpaka sehemu ya 30 na ushei, ndipo hadithi irudi kwenye kile kinyago. Ukifika hapo, rudia sehemu mbili za kwanza. Utashangaa ni mambo mangapi uliyaona bila kuyaona.

Sasa, kwa nini hakuna anayekueleza? Kwa sababu hukuandikiwa wewe. Doudou ilikuwa hadithi ya mke kijana na wakwe zake katika mji wa leo, na hakuna Mtanzania anayehitaji kufundishwa mama mkwe ni nani. Tamthilia za njozi zinamlenga mtazamaji aliyekulia ndani ya simulizi fulani. Mwaka 1986 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilianza kuonyesha Safari ya Magharibi, sehemu 25, kutoka katika riwaya ya karne ya 16 kuhusu mtawa anayekwenda kufuata vitabu vitakatifu akisindikizwa na nyani Sun Wukong. Tangu hapo imerudiwa likizo baada ya likizo. Mtoto aliyekua nayo anajua, bila kuambiwa, kwamba mbinguni kuna mfalme mwenye maofisa wa vyeo na faili zao, kwamba mnyama au hata ua likijinoa kwa karne nyingi linaweza kugeuka mtu, kwamba kuna bustani ya mafyulisi ambayo mengine huiva baada ya miaka 9,000, na kwamba nyani mkorofi anaweza kufungiwa chini ya mlima miaka 500 na atoke akiwa na njaa tu. Mwandishi wa tamthilia haoni haja ya kuyarudia hayo. Anakurukisha katikati.

Kuna jambo moja watu wetu hulichanganya, na nadhani nawe umelichanganya. Filamu za upanga tulizozizoea kwenye vibanda umiza, zile za Hong Kong, ni za aina inayoitwa wuxia. Humo shujaa anaruka juu ya mapaa na kupigana na watu 40 peke yake, lakini ni binadamu: atazeeka, atakufa, na kinachomsukuma ni heshima, deni au kisasi. Hizi mpya ni xianxia. Humo watu hawanoi mapanga peke yake, wananoa pia nguvu iliyo ndani ya mwili, qi, kwa kutafakari, kufunga, nidhamu na miaka mingi ya mazoezi. Mizizi yake ni fikra za Kitao kuhusu kurefusha uhai, zikachanganyika na mambo ya Kibuddha kama kuzaliwa tena, na simulizi za vijijini kuhusu mbweha wanaogeuka wanawake. Lengo la juu kabisa ni kuvuka mauti.

Ukiishika hesabu hiyo ya nguvu, nusu ya vituko vitakaa sawa. Aliyejinoa vya kutosha hujenga ndani yake kitu kinachoitwa kiini cha dhahabu. Hicho ndicho kinachomwezesha kupanda juu ya upanga na kuruka, kupona haraka, kuishi miaka mingi uso ukiwa wa kijana. Kikivunjwa, anarudi kuwa mtu wa kawaida, na kwa watu hawa hilo ni zaidi ya kukatwa mkono. Sitakuharibia utamu, ila kikumbuke kiini hicho. Kuna mahali kwenye The Untamed kitakutoa machozi, na asiyejua thamani yake hataelewa binti yako analia nini.

Hapohapo nitofautishe kidogo. The Untamed yenyewe haina miungu. Wote unaowaona ni binadamu waliojinoa, wamegawanyika katika koo kubwa tano zinazogombea heshima na mamlaka, na nikiwa mkweli ni hadithi ya siasa zaidi kuliko ya uchawi: nani ana nguvu, nani anaogopwa, na umati unavyogeuka ukishapata wa kumlaumu. Mbingu yenye vyeo na miungu wanaopendana utaikuta kwingine, kwa mfano katika Ten Miles of Peach Blossoms ya mwaka 2017, ambapo bibie ni mbweha wa mikia tisa mwenye umri wa miaka 140,000 na mchumba wake ana 50,000 tu, na wifi za mtaani humo hawakosi la kusema.

Majina. Hapa nakuomba ujiangalie wewe mwenyewe. Mama yako anakuita jina alilokupa, majirani wanakuita Mama wa fulani, kazini ni Bi fulani, na hakuna anayedhani ninyi ni wanawake watatu. China ya kale nayo ilikuwa na utaratibu wake. Ukoo hutangulia: Wei, Lan, Jiang. Kisha kuna jina la kuzaliwa, ambalo ni wazazi, wakubwa na watu wa karibu mno tu wanaolitumia. Kijana akikua hupewa jina la heshima la kutumiwa na wenziwe. Akivuma, watu humpa na lakabu. Kwa hiyo Wei Ying na Wei Wuxian ni mmoja, na maadui wakimwita Yiling Laozu bado ni yeye. Lan Zhan ni Lan Wangji, na wanaomstahi humwita Hanguang-jun. Jiang Cheng ni Jiang Wanyin.

Usiyakariri tu. Sikiliza nani anatumia lipi, maana ndipo hisia zilipofichwa. Waigizaji hawa hawakumbatiani kila dakika kama wa Kifilipino tuliowazoea. Mtu akihama kutoka jina la heshima kwenda jina la kuzaliwa, amekusogelea. Akirudi kwenye jina la heshima baada ya miaka ya ukaribu, mlango umefungwa. Lan Wangji, ambaye uso wake haubadiliki kwa lolote, anasema "Wei Ying" kwa namna nyingi kuliko wengine wanavyohutubia. Hali ni hiyohiyo kwa kaka na dada unaowasikia: shijie na shixiong si lazima wawe wa tumbo moja, ni waliomtangulia kwa mwalimu mmoja, na heshima yao ni ya ndugu wakubwa.

Kuhusu sura, acha nyuso kwanza, tazama nguo. Ukoo wa Lan wanavaa nyeupe na buluu hafifu, na utepe kwenye paji la uso. Utepe huo haushikwi na mtu baki, usiulize zaidi kwa sasa. Jiang ni zambarau, alama yao ni ua la yungiyungi. Jin ni rangi ya dhahabu, wengi wana nukta nyekundu katikati ya paji. Nie ni watu wa rangi za giza na silaha nzito. Wen wana jua na wekundu, na kwa sehemu nyingi za mwanzo ukiwaona hao, fahamu kuna balaa. Wei Wuxian, akishakua, ni mweusi mwenye utepe mwekundu kwenye nywele. Ukizizoea rangi kwa sehemu tatu nne, nyuso zitakuja zenyewe, niamini.

Midomo na sauti: simu yako haina tatizo. Tamthilia nyingi za kale na za njozi huingizwa sauti upya studio, na mara nyingi sauti si ya mwigizaji unayemwona. Sababu ni za kikazi. Sehemu kubwa ya tamthilia hizi hupigwa Hengdian, mkoa wa Zhejiang, mji wa maonyesho uliojengwa kuanzia mwaka 1996, wenye majumba ya kifalme ya kuigiza, ambako timu nyingi hufanya kazi kwa wakati mmoja na kelele haziishi. Waigizaji nao hutoka mikoa yenye lafudhi mbalimbali. Wenye sauti ni mafundi wenye sifa zao. Yule anayemtamkia Lan Wangji, Bian Jiang, mashabiki wanamjua kwa jina. Mwanzoni inasumbua sikio. Baada ya sehemu kadhaa utaacha kuisikia.

Maandishi ya chini ni tatizo la kweli na sina dawa kamili. Kiswahili kwa tamthilia za aina hii ni adimu. StarTimes wanaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, ila nyingi nilizoziona ni za familia na maisha ya mjini, ndugu wa Doudou. Unachoweza kufanya ni kupunguza mwendo wa video hadi robo tatu kwenye mazungumzo marefu, na kusimamisha bila kuona haya. Epuka kumtegemea mtoto akutafsirie kila sentensi. Atachoka nawe utakasirika. Mkubaliane akueleze kwa dakika mbili kila sehemu inapoisha: nani kamkosea nani. Hilo linatosha. Na bando: sehemu 50 za kama dakika 45 ni zaidi ya saa 37, hivyo shusha kwa ubora wa chini panapokuwa na waifai.

Nije kwenye imani, ambako naona ndiko moyo wako uliko.

Sitakuambia "ni hadithi tu" ili nikunyamazishe. Nitakuambia kilichomo, uamue ukiwa na macho wazi. Humo kuna wafu wanaotembea, kuna karatasi za kinga zenye maandishi mekundu, kuna watu wanaopiga magoti mbele ya mbao za majina ya wahenga waliokufa. Hilo la mwisho si la kubuni. Kuwaenzi wahenga kwa ubani ni desturi halisi ya Wachina wengi hadi leo. Hakuna mahali mtazamaji anafundishwa kufanya lolote kati ya hayo, na taratibu za tambiko humo zimetungwa. Kinachochekesha ni kwamba wadhibiti wa China wenyewe wana wasiwasi kama wako: kanuni zao za filamu na utangazaji zinakataza kueneza ushirikina. Ndiyo maana ndani ya tamthilia wale wafu waliomo kwenye riwaya ya asili wamelainishwa wakawa zaidi kama vibaraka wanaoendeshwa na chuma chenye nguvu mbaya.

Na yule mwenye filimbi, ambaye ni Wei Wuxian, hadithi yenyewe haimpambi. Njia aliyoichukua Wei Wuxian inamla mwili, inambadili tabia, na inawagharimu watu anaowapenda. Lakini hadithi inauliza pia: wale wenye nguo nyeupe na majina safi, wao walifanya nini? Binti wa kidato cha tatu anaweza kujadili hilo vizuri sana, pengine kutuzidi. Ukimwuliza "unadhani nani ana kosa hapa?" utapata mazungumzo ambayo "zima hiyo simu" haitakupa.

Mambo mawili ujue mapema, yasikukute njiani. La kwanza, riwaya iliyozaa tamthilia hii, ya mwandishi atumiaye jina Mo Xiang Tong Xiu, ni ya mapenzi kati ya wanaume wawili. Kwenye tamthilia imekuwa urafiki wa kufa na kuzikana. Binti akiingia mtandaoni kutafuta zaidi, atakutana na hilo siku ya kwanza, kama hajakutana nalo tayari. Ni heri mzungumze ninyi wawili kwanza. La pili, baada ya hadithi kurudi wakati wa sasa kuna mkasa wa mji unaoitwa Yi. Ni mzito: ukatili, udanganyifu na mtu kujitoa uhai. Usimwache auangalie peke yake usiku wa manane.

Sasa uamuzi. Kama ungeniuliza kabla hujaanza, ningekupeleka kwingine. Love Between Fairy and Devil ya mwaka 2022 ina sehemu 36, wahusika wachache, na inakufundisha kanuni za dunia hizi huku ukicheka: bwana wa vita asiye na hisia anafungwa kwa apizo na kibinti cha ua la okidi, akilia yeye, bwana naye anatoka machozi. Kwa mgeni sijaona mlango mwepesi zaidi, ingawa lazima nikiri kwamba huyo bibie katika sehemu za mwanzo ana sauti ya kuchosha. Ukitaka msingi wenyewe, chukua ile Safari ya Magharibi ya 1986. Mikasa yake mingi inajitegemea, ukikosa siku hupotei, na hata wadogo wanaifuata. Ten Miles of Peach Blossoms iache kwanza, pamoja na uzuri wake. Ina sehemu 58, mwigizaji mmoja ni mwanafunzi wa kiume wa bandia, kisha mwanamke wa kawaida asiyejua yeye ni nani, kisha mungu mke, na mwanamume anacheza watu wawili wanaofanana. Utaniandikia tena.

Tahadhari ya urefu: Februari 2020 wadhibiti wa China waliweka ukomo wa sehemu 40 kwa tamthilia, wakaulegeza mwaka 2025, ndiyo maana nyingi za kati ya miaka hiyo ni fupi kuliko za 2017 hadi 2019. Kwa mama mwenye kazi na nyumba, hicho ni kigezo cha maana kabisa.

Lakini hukuanza kwa ajili ya tamthilia. Ulianza kwa sababu binti wa umri ule, ambao wengi wao hawataki hata mama aonekane karibu na simu yao, alikuomba mkae pamoja. Kwa hiyo ushauri wangu ni ubaki na The Untamed mpaka sehemu ya 10 au 12. Kufikia hapo wale vijana wa Gusu watakuwa wametoka kwenye utoto na ukoo wa jua utakuwa umeanza kuonyesha makucha. Ikiwa hata hapo hakuna hata mmoja unayejali kama ataishi, mwambie binti kwa upole kwamba hii ni yake, chagueni nyingine ya wote.

Yako mambo ambayo mimi wa mbali siwezi kukuamulia. Kama dhamiri bado inakusumbua kuhusu mizimu na hirizi baada ya niliyokueleza, mwendee sheikh au mchungaji unayemwamini, na ukifika umweleze mambo mahususi uliyoyaona, maana ukisema tu "filamu za kichawi" atakujibu kwa jumla. Ikiwa binti anakesha, anasinzia darasani, au anaanza kuongea kama vile kufa kwa ajili ya mwingine ni jambo tamu, hapo tamthilia si mada tena. Kaa naye, na zungumza na mwalimu wake wa malezi shuleni. Na ikiwa kinachomvuta ni lugha yenyewe, anarudiarudia maneno na kuiga lafudhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina; nendeni mkaulize ana kwa ana kama kuna darasa la umri wake. Nimewaona vijana walioanza kwa kunukuu maneno ya tamthilia na sasa wanatafsiri mikataba.